Maelezo ya Mama Fomu

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kwingine kokote halikuhitajika. Mtu akishuka upande ule wa barabara, mkabala na ofisi ya uhamiaji, aliuliza tu, "Mama Fomu yuko wapi?" na hata muuza maji alimwonyesha baraza lenye meza ya kijani. Miaka kumi na tisa mama huyo alikuwa amekaa hapo na kalamu zake. Kushoto kwake palikuwa na mashine ya kutoa nakala, kulia palikuwa na pazia jeupe la mpiga picha za pasipoti. Huyo mpiga picha, kwa kuwaambia watu siku nzima "usicheke, tazama hapa, usicheke," alikwisha kuitwa Usicheke, ingawa mwenyewe akikosa kucheka nusu saa huumwa kichwa.

Mama Fomu alijaza fomu za kila aina, lakini alizobobea ni za wapenzi. Binti wa huku kaposwa na kijana wa kule, bwana wa huku kamwona mwalimu wa nchi ya tatu, basi wanakuja pale wameshikana mikono na hawajui pa kuanzia. Atawaketisha, atawaacha wapumue, halafu atainua vidole vitatu.

"Njia ni tatu," huwaambia. "Ya kwanza, mnafunga ndoa hapa hapa, na mgeni anaomba kibali cha mwenzi akiwa ndani, kabla kile alicho nacho hakijaisha. Ni ya haraka, ila ukichelewa siku moja imekula kwako. Ya pili, mgeni anabaki kwao, mnaomba kibali cha mchumba kupitia ubalozi. Akifika mna siku tisini za kufunga ndoa, na mkizimaliza kwa kutazamana tu, anarudi alikotoka. Ya tatu, wewe mwenyewe unafunga mizigo unamfuata. Hiyo haina foleni hapa, foleni yake iko huko. Sasa niambieni: nani ana kazi asiyoweza kuiacha, nani ana mzazi mgonjwa, na nani anamwogopa mama mkwe?"

Swali la mwisho halimo katika sheria yoyote, lakini mwenyewe ataapa kwamba ndoa nyingi ziliamuliwa kwa hilo.

Basi mwanamke huyo aliyewavusha mpaka watu wasiohesabika, siku moja naye akaolewa na mtu wa ng'ambo. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane wa miaka kumi na mmoja, na binti mmoja aliyeolewa mji wa mbali. Mume mwenyewe alikuwa fundi wa mizani. Alizunguka kwenye mabucha, maduka ya nafaka na ofisi za posta na sanduku lake la mawe ya kupimia, akirekebisha mizani zilizoanza kudanganya. Mtu wa miaka sitini na mmoja, mpole, mwenye maneno machache kiasi kwamba ukimpa salamu unaweza kumaliza chai kabla hajamaliza kuijibu. Wiki tano kabla ya kisa hiki walifunga ndoa kwa msajili. Usicheke aliwapiga picha bure, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akamwambia mtu acheke. Fundi alikataa.

Walichagua njia ya kwanza. Ya pili ilikuwa imewapita kwa kuwa ndoa ilikwisha kufungwa, na ya tatu Fundi mwenyewe aliikataa. "Meza yako iko hapa," alisema. "Mizani ziko kila mahali." Kibali chake cha kazi ndogo ndogo kilikuwa kinaisha Ijumaa. Siku ya Jumanne saa tatu asubuhi Mama Fomu alivuka barabara akiwa amekumbatia faili lililopangwa vizuri kuliko mafaili yote yaliyowahi kuvuka barabara ile: fomu, hati ya ndoa, picha nne, nakala za nakala, na maelezo mawili ya kuandikwa kwa mkono, moja la mume na moja la mke, kila mmoja akieleza walivyokutana na kwa nini wanataka kuishi pamoja.

Dirisha namba tano lilikuwa la afisa mpya, dada mmoja kijana aliyehamishiwa pale miezi mitatu nyuma. Kabla yake alikuwapo mzee mmoja aliyegonga mihuri bila kusoma, Mungu amweke, na kazi ilikwenda vizuri sana. Huyu dada alisoma. Alisoma kila kitu, akapigia mistari kwa kalamu nyekundu, na watu wa barazani walikwisha kumpa jina la hiyo hiyo Kalamu Nyekundu.

Alisoma maelezo ya Mama Fomu mara ya kwanza. Akasoma mara ya pili.

"Mama, haya umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe, mwanangu."

Kalamu Nyekundu akainuka, akaenda kabatini, akarudi na rundo la mafaili. Akafungua la juu, akasoma kwa sauti ya chini: "'Tulikutana katika shughuli ya kifamilia. Macho yetu yalipogongana moyo ulinidunda, na tangu siku ile hakuna kati yetu aliyepata usingizi.' Huyu ni baharia na mkewe." Akafungua la pili. "'Tulikutana katika shughuli ya kifamilia. Macho yetu yalipogongana.' Hawa ni wauguzi wawili. Nimeyahesabu, mama. Yako thelathini na saba. Wewe ni wa thelathini na nane. Mji mzima huu hakuna anayelala?"

Foleni nzima nyuma ikaangua kicheko. Mama Fomu akahisi joto likipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Na sababu ya aibu yake si kwamba amedanganya. Sababu ni kwamba hakuwa amegundua. Maneno yale aliyaandika zamani kwa wapenzi wa kwanza kabisa, wakapata kibali ndani ya wiki, naye akasema dawa iliyoponya haibadilishwi. Tangu hapo kila aliyeshindwa kujieleza alipewa shughuli ya kifamilia na kukosa usingizi. Jumatatu, katikati ya mteja mmoja na mwingine, alivuta karatasi akaandika maelezo yake mwenyewe, na mkono ukaenda peke yake kama punda anayeijua njia ya nyumbani.

"Hawa wengine niliwaita," Kalamu Nyekundu aliendelea, na wala hakuwa na ukali, jambo lililoumiza zaidi. "Walinieleza kwa midomo yao, nikawaamini. Lakini wewe ndiye uliyewatungia. Nikikuuliza kwa mdomo utanipa nini kama si hicho hicho? Sasa ya mume wako nimeyaamini. Sikiliza: 'Mke wangu nilimkuta kazini kwake. Ni mtu mkweli. Mizani zangu zote sasa ziko nyumbani kwake.' Basi. Na wewe niletee ya kwako. Alhamisi mwisho. Faili lenye kasoro siruhusiwi kulipokea, na Ijumaa ikimkuta bila faili itabidi atoke, aombe kutokea kwao."

Kutokea kwao ni miezi minane mtu akiwa na bahati. Mama Fomu aliyajua hayo kuliko Kalamu Nyekundu. Aliwaona waliotenganishwa kwa miezi minane wakarudi wamenona kwa furaha, na aliwaona pia wale ambao simu zilianza kuwa fupi, halafu zikawa za sikukuu, halafu basi. Vijana wana muda wa kuchezea. Yeye na Fundi walianza jioni, na aliogopa. Aliogopa sana, tena waziwazi, akakusanya karatasi zake.

Jioni ile alikaa mezani nyumbani kwake, sanduku la mawe ya mizani likiwa chini ya kiti, akajaribu. Karatasi ya kwanza ilianza: "Siku hiyo jua lilikuwa likiwaka kwa upole." Akaichana. Ya pili ikamletea "mapenzi ni kikohozi," akaichana. Ya tatu ilikuwa ya baharia kabisa, isipokuwa bahari.

Fundi alikuwa anapangusa mizani ya duka la dhahabu, ile ndogo ya kukaa ndani ya sanduku la kioo. "Niambie mimi," alisema bila kuinua macho. "Halafu uandike ulichoniambia."

Ungedhani hilo ni jepesi. Halikuwa jepesi kwa Mama Fomu. Miaka kumi na tisa amesema "nakupenda" kwa niaba ya watu wengine, kwa wino wa bluu na kwa herufi nzuri, lakini yeye na huyu bwana hawakuwahi kuambiana. Walioana kama watu wanaokubaliana kuhamisha kabati: shika huku, nami nishike huku, twende. Akasema macho yanamuuma, akaenda kulala na mapema yote ile.

Jumatano hakufungua kazi. Alikaa tu nyuma ya meza ya kijani na karatasi nyeupe mbele yake, akiwafukuza wateja kwa mkono. Usicheke alimtazama kwa saa nzima kutoka kwenye pazia lake, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Kinyozi hajinyoi, dada," alisema. "Hama hapo. Kaa kiti cha wateja."

"Usinichezee leo, Usicheke."

"Sichezi. Sheria si inaruhusu mtu kuandikiwa? Wewe mwenyewe unaweka chini, 'imeandikwa na fulani kwa maneno ya mhusika.' Mimi ni fulani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hama."

Mwandiko wa Usicheke ulikuwa wa kuku aliyeingia matopeni, na Mama Fomu alikuwa amemsema kwa hilo tangu wafahamiane. Lakini siku mbili zilikuwa zimebaki moja. Akahama. Na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuna mteja aliyethubutu kumwambia, kwamba kile kiti kilikuwa kifupi, na ukikikalia unajikuta unamtazama mwandishi kwa chini kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Mlikutana wapi?" Usicheke akauliza, kalamu tayari.

"Tulikutana katika mazingira ya..."

"Sitaki mazingira. Wapi?"

"Hapa. Kwenye kiti hiki. Unajua, ulikuwapo."

"Nilikuwa napiga picha. Endelea."

"Alikuja kuongeza muda wa kibali cha kazi ndogo ndogo. Nikamjazia fomu ya ukaaji, hii hii wanayojaza wenzi."

"Na macho yakagongana?"

"Hayakugongana kitu. Macho yangu yalikuwa kwenye fomu. Fomu ina maswali arobaini na moja. Nikamuuliza yote, akajibu, akasema asante, akaondoka. Kesho yake, saa ya kufunga, akarudi. Nikadhani kuna kosa. Akasema, 'Jana uliniuliza mengi. Mimi sikukuuliza hata moja. Jina lako kamili nani?'"

Usicheke akaacha kuandika. "Jina lako?"

"Andika, wewe. Nikamwambia, kwa kweli nilisahau kidogo kabla ya kulisema. Akasema asante, akaenda zake. Kesho yake akaja na swali la pili. Tarehe ya kuzaliwa. Keshokutwa, mahali pa kuzaliwa. Kwa mpangilio wa fomu, hakuruka hata moja. Siku ya kazi moja, swali moja, halafu huyo anaondoka na sanduku lake. Mwanzo nilidhani si mzima."

"Nami nilidhani anadai chenji," alisema Usicheke.

"Akaniuliza kama nimewahi kufukuzwa katika nchi yoyote. Nikamwambia nchi hapana, ila jikoni kwa wifi yangu nimewahi. Akacheka. Huyu ambaye kwako alikataa kucheka, kwangu alicheka. Akaniuliza kama nina kovu au alama mwilini. Nikamwonyesha hili la mkononi, la sufuria ya maji moto, siku ya tatu baada ya kumzika marehemu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kovu hili. Nalivaa kila siku, naandika nalo, watu wanaliona wanakaa hapa wananiambia habari za wachumba wao. Yeye akaniuliza liliuma siku ngapi."

Kalamu ya Usicheke ilikuwa inakwaruza kwa kasi, na mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa kuliko ilivyohitajika.

"Nikaanza kumngoja," alisema Mama Fomu. "Andika hivyo hivyo. Kila ikikaribia saa kumi na moja nilikuwa siwasikii wateja vizuri. Nilijua kesho ni swali la ngapi. Nikawa narudi nyumbani nikiyafikiria majibu, mimi ambaye majibu ya fomu hiyo nayajua hata usingizini. Nikifika nikawa naona nyumba yangu kama mtu atakayeulizwa habari zake: nina vyumba viwili, nina kiti kimoja kinachokaliwa. Swali la arobaini ni mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo. Alipolifikia nikasema binti yangu. Akaniuliza anakaa umbali gani. Nikasema siku nzima kwa basi. Akauliza, na kabla binti hajafika? Nikatafuta jibu, Usicheke, nikalikosa. Watu wote ninaowajua katika mji huu, nikaona hakuna ninayeweza kumwandika pale bila kumwomba radhi. Yeye akalisubiri jibu mpaka alipoona haliji. Akasema, 'Niandike mimi.'"

"Ndiyo posa?"

"Ndiyo posa. Kuna nyingine unaijua?"

Usicheke akavuta kamasi, akasema vumbi la barabara ile limezidi, serikali inafanya nini. Kisha akamsomea yote tangu mwanzo, kurasa nne za kuku na matope. Mama Fomu alitaka kurekebisha mahali pawili patatu, aseme "aliniposa kwa heshima", aondoe habari za wifi. Usicheke alizikunja karatasi akaziketia mpaka Mama Fomu alipokubali kuzitia sahihi kama zilivyo.

Alhamisi walivuka barabara wote wawili, mke na mume. Kalamu Nyekundu alizitazama zile kurasa, akazigeuza juu chini kuhakikisha ni maandishi, halafu akaanza kusoma. Alichukua muda mrefu. Kwenye wifi akatabasamu. Kwenye ukurasa wa nne akaweka kalamu yake mezani, akatoa leso, akajipangusa pua, na foleni nyuma ikaanza kuguna kwamba dirisha namba tano limelala.

"Sasa hii," akasema mwishowe, "ni ya watu waliolala vizuri."

Akaivuta fomu, akaipitia sanduku kwa sanduku kwa ncha ya kalamu, mpaka la chini kabisa. Akasimama hapo. "Mama Fomu. Wewe wa kuacha sanduku wazi? Namba arobaini na moja. 'Unakusudia kukaa kwa muda gani?'"

"Nilimwomba aliache wazi," alisema Fundi. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu asubuhi. "Hilo ndilo swali pekee ambalo sikumuuliza. Niliona si haki kumuuliza mtu jambo ambalo uamuzi wake uko kwenu. Lakini wewe muulize yeye. Mwenye nyumba ni yeye."

Kalamu Nyekundu akamgeukia Mama Fomu, kalamu hewani.

Jibu la sanduku lile linajulikana mpaka na muuza maji. Ni miaka miwili, inayoweza kuongezwa. Kibali cha mwenzi hakivuki hapo, na anayeandika zaidi hurudishiwa fomu. Mama Fomu mwenyewe alikwisha kuwagombeza mabwana harusi wangapi walioandika "milele"! Alifungua mdomo aseme miaka miwili.

"Asiondoke," akasema.

Yeye mwenyewe aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine, lakini sasa ilikuwa imetoka, na akaona afadhali imalizike yote. "Nimekaa miaka kumi na mmoja peke yangu nikawa nasema nimezoea. Nilidanganya. Sitaki akae miaka miwili. Nataka asiondoke."

"Sanduku haliandikwi hivyo, mama," alisema Kalamu Nyekundu taratibu.

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye ninayewaambia."

Afisa akainama akaandika miaka miwili kwa mkono wake. Akagonga muhuri wa kupokelewa, akagonga na wa pili kwenye pasipoti ya Fundi wa kumruhusu kubaki mpaka kibali kitoke, akawasukumia karatasi zao na kumwita anayefuata.

Waliteremka ngazi polepole. Fundi alikuwa ameshika pasipoti yake kwa mikono miwili. Walipofika chini alisimama, watu wakawapita kushoto na kulia.

"Umesema nisiondoke," alisema.

"Nimesema."

"Mbele ya serikali."

"Mbele ya serikali."

Fundi akatikisa kichwa mara kadhaa, kama anavyofanya akiisubiri sindano ya mizani itulie. Halafu akaanza kucheka, mtu huyu, akacheka mpaka akashika ukuta, na Mama Fomu akamshika mkono mbele ya foleni nzima ili wavuke barabara.